Mafumbo ya Hesabu Yenye Hatua Nyingi: Maswali Ambayo Wazazi na Walimu wa Msingi Huuliza Mara kwa Mara

Majibu haya yanamlenga mzazi anayekaa na mtoto jioni daftari likiwa mezani, na mwalimu wa darasa la 3 hadi la 6 anayetaka kulieleza jambo hili kwa namna nyingine. Bei zilizomo ni za mfano tu, msinilaumu zikitofautiana na za sokoni kwenu.

Fumbo lenye hatua nyingi ni lipi hasa?

Ni swali la maneno ambalo tendo moja halitoshi kulijibu. "Kalamu moja ni sh 300. Kalamu 5 ni shilingi ngapi?" Hilo ni la hatua moja: unazidisha, umemaliza. Sasa soma hili: "Kalamu moja ni sh 300. Amina alinunua kalamu 5, akatoa noti ya sh 2,000. Alirudishiwa chenji kiasi gani?"

Swali la pili linauliza jambo moja, chenji. Lakini ndani yake kuna swali jingine ambalo halikuandikwa popote: kalamu zote ziligharimu kiasi gani? Hilo naliita swali lililofichwa. Asiyeliona hawezi kupata sh 500, hata kama jedwali la kuzidisha analisema usingizini. Karibu kila kitu kinachofuata hapa kinahusu namna ya kumfundisha mtoto kulitafuta swali hilo na kuliandika.

Mtoto wangu anajua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kwa nini mafumbo yanamshinda?

Kwa sababu mazoezi mengi aliyopewa yalikuwa yameshamchagulia tendo. Ukurasa ulioandikwa "Kuzidisha" juu hauhitaji kusomwa. Mtoto anaokota namba mbili, anazizidisha, anapata vema. Akikutana na fumbo ambalo halijamwambia afanye nini, anabaki anakutazama usoni: "Mama, hapa ni kujumlisha au kutoa?"

Wapo pia wanaoanza vizuri na kuishia njiani. Katika swali la Amina wanaandika sh 1,500 na kufunga daftari. Hao hawajakosea hesabu hata kidogo, wamejibu swali lililofichwa wakadhani ndilo lililoulizwa. Mtoto wa namna hii usimwambie "umekosa". Mwambie, "Hiyo 1,500 ni nini?" Akijibu "ni bei ya kalamu zote", mwombe asome tena sentensi ya mwisho. Mara nyingi anamalizia mwenyewe.

Aanzie wapi akipewa fumbo refu?

Aanzie mwishoni. Najua shuleni tunawaambia wasome kwa makini tangu mwanzo, na kusoma lazima wasome. Lakini kupanga hatua ni kazi nyingine, na inakwenda vizuri zaidi ukianza na kinachoulizwa na kurudi nyuma. Tuchukue mfano wa mama muuza mayai:

"Mama Rehema alinunua trei 4 za mayai, kila trei ikiwa na mayai 30, kwa sh 9,000 kila trei. Njiani mayai 8 yalivunjika. Yaliyobaki aliyauza kwa sh 400 kila yai. Alipata faida ya shilingi ngapi?"

Namba ni nyingi, na mtoto akianza mbele anaweza kushika yoyote. Sasa tuanze nyuma, kwa mazungumzo:

"Tunatafuta nini?"
"Faida."
"Ili ujue faida unahitaji nini?"
"Pesa alizouza na pesa alizonunulia."
"Alizonunulia unazijua?"
"Trei 4, kila moja 9,000."
"Haya, hilo liweke pembeni. Alizouza unazijua?"
"Bado. Sijui aliuza mayai mangapi."
"Na hayo utayajuaje?"
"Mayai yote, nitoe yaliyovunjika."
"Yote ni mangapi?"
"Trei 4 mara 30."

Njia imekwisha kuonekana, na hakuna hesabu iliyofanyika bado. Baada ya hapo ni kushuka tu:

Mayai yote: 4 × 30 = 120
Mayai yaliyouzwa: 120 − 8 = 112
Mauzo: 112 × 400 = sh 44,800
Gharama ya kununua: 4 × 9,000 = sh 36,000
Faida: 44,800 − 36,000 = sh 8,800

Yale maneno yaliyo kushoto yasiachwe. Kila mstari una jina la kitu kinachotafutwa, na majina hayo ndiyo maswali yaliyofichwa. Mtoto anayeandika jina kabla ya hesabu hapotei katikati, na akipotea, wewe unaona mara moja ni mstari upi.

Mwanahisabati George Pólya, mzaliwa wa Budapest aliyefundisha kwa miaka mingi Marekani, aliyapanga mambo haya mwaka 1945 katika hatua nne: elewa swali, panga njia, fuata njia, rudi ukaangalie. Shule nyingi hufundisha hatua hizo hadi leo bila kumtaja. Kwa mafumbo ya watoto wetu, hatua ya pili ndiyo inayorukwa, na ndiyo mazungumzo ya hapo juu.

Mwalimu wa mwanangu amewapa orodha ya maneno: "jumla" ni kujumlisha, "baki" ni kutoa, "kila" ni kuzidisha. Je, inasaidia?

Inasaidia darasa la 1 na la 2, kisha inaanza kudhuru. Mpe mtoto swali hili: "Juma ana gololi 24. Ana gololi 6 zaidi ya Asha. Wote wawili wana jumla ya gololi ngapi?"

Anayefuata orodha ataona "zaidi" na "jumla", atajumlisha 24 na 6, atapata 30. Lakini Juma ndiye mwenye nyingi. Asha ana 24 − 6 = 18, na wote wawili wana 24 + 18 = 42. Kutoa kumetangulia katika swali ambalo maneno yake yote yanapiga kelele za kujumlisha.

"Kila" nalo halina msimamo. "Kila mtoto alipata maembe 4, watoto 7" ni kuzidisha. "Maembe 28 waligawana watoto 7, kila mmoja alipata mangapi?" ni kugawanya. Badala ya kutafuta neno, mtoto aulizwe: nani ana nyingi hapa? Kitu kinaongezeka au kinapungua? Tuna mafungu yanayolingana? Maswali hayo matatu yanafanya kazi yote ya ile orodha na hayadanganyi.

Wangu hajali hata maneno. Anachukua namba zote anazoziona na kuzijumlisha. Nifanyeje?

Pole, lakini hayuko peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa ufundishaji wa hisabati huko Grenoble, Ufaransa, waliwauliza watoto wa shule ya msingi hivi: katika meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, watoto 76 walitoa umri kwa kuzitumia namba hizo. Wengi wa namna hiyo husema nahodha ana miaka 36, bila kucheka.

Watoto hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamejifunza, kimyakimya, kwamba kila swali la shuleni lina jibu na kila namba iliyoandikwa lazima itumike. Dawa yake ni kuwapa mara mojamoja maswali yenye namba isiyohitajika, na mengine yasiyojibika kabisa. "Basi lenye viti 60 liliondoka na abiria 45. Kituoni walishuka 12, wakapanda 9. Sasa lina abiria wangapi?" Viti 60 havihusiki, jibu ni 42. Mtoto akiuliza "hii 60 ya nini?", furahi.

Njia nyingine ninayoipenda ni kuzificha namba kabisa. Msomee: "Mama alinunua trei kadhaa za mayai, machache yakavunjika, yaliyobaki akayauza. Utajuaje kama alipata faida?" Hapo hakuna cha kujumlisha, inabidi afikiri.

Kuchora kunasaidia, au ni kupoteza muda?

Kunasaidia sana, mradi asichore kuku na miti. Singapore walianza kutumia miaka ya 1980 njia ya mistatili, na leo inafundishwa nchi nyingi. Kila kiasi kinakuwa mstatili. Kikubwa kirefu, kidogo kifupi. Basi.

Jaribu hili: "Neema na Baraka wana jumla ya sh 5,600. Fedha za Neema ni mara tatu ya za Baraka. Neema anamzidi Baraka kwa shilingi ngapi?"

Chora kisanduku kimoja cha Baraka. Chini yake chora visanduku vitatu vinavyofanana na hicho, vya Neema. Hesabu visanduku: vinne, na vyote pamoja ni 5,600. Kimoja ni 5,600 ÷ 4 = 1,400. Neema amezidi kwa visanduku viwili, yaani sh 2,800. Mtoto wa darasa la 4 analiweza swali hili kwa mchoro, wakati kaka yake wa sekondari atahangaika na x. Kosa la kawaida hapa ni kugawanya kwa 3, kwa sababu swali limesema "mara tatu". Mchoro unalizuia kosa hilo kwa kuwa kisanduku cha Baraka kinaonekana kwa macho.

Kwenye kugawanya kukiwa na baki, aliandike au aliache?

Inategemea kitu kinachogawanywa, na hapa ndipo hesabu sahihi huzaa jibu la ajabu. "Wanafunzi 130 na walimu 6 wanakwenda Bagamoyo kwa ziara ya masomo. Coaster moja inabeba watu 28, na kuikodi ni sh 180,000. Shule itahitaji shilingi ngapi za usafiri?"

Watu wote ni 136. 136 ÷ 28 = 4, baki 24. Mtoto anayezidisha 4 × 180,000 amewaacha watu 24 barabarani. Coaster ni 5, na gharama ni sh 900,000.

Sasa geuza: "Una sh 10,000. Umenunua sabuni ya sh 2,500. Kwa kilichobaki utanunua madaftari mangapi ya sh 1,200?" 7,500 ÷ 1,200 = 6, baki 300. Hapa unasema 6 na mia tatu inabaki mfukoni; muuza duka hakupi daftari la saba kwa mia tatu.

Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliwapima vijana wa miaka 13 kwa swali la namna hii: wanajeshi 1,128, basi moja linabeba 36, mabasi mangapi yanahitajika? Asilimia 29 waliandika "31 baki 12". Asilimia 23 tu waliandika 32. Kugawanya walijua. Basi lenye sura ya "baki 12" hawakulifikiria.

MAGAZIJUTO inahusika vipi na mafumbo?

Kidogo kuliko watu wanavyodhani. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) ni mpangilio wa kutatua mstari mmoja wenye matendo mengi. Anayeandika hatua mojamoja zenye majina hana haja nayo, kwa sababu mpangilio ameuweka mwenyewe.

Akitaka kuandika fumbo lote kwa mstari mmoja, kama (4 × 30 − 8) × 400 − 4 × 9,000, hapo anaihitaji. Lakini ifundishwe vizuri. Watoto wengi, na watu wazima pia, huamini kwamba "JU" ikitangulia "TO" basi kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Wakipewa 20 − 8 + 5 wanajumlisha 8 na 5 kwanza, wanatoa 13, wanapata 7. Jibu ni 17. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja; kinachotangulia ni kilicho kushoto. Gawanya na zidisha vivyo hivyo. Mfikirie abiria: walikuwa 20, wakashuka 8, wakapanda 5. Nani atasema wamebaki 7?

Mwalimu alimkosesha mwanangu kwa kuandika 4 × 30 = 120 − 8 = 112. Jibu si sahihi?

112 ni sahihi, ila alichoandika si kweli. Alama ya = inasema kilicho kushoto kinalingana na kilicho kulia, na 4 × 30 hailingani na 120 − 8. Mtoto ameitumia kumaanisha "halafu". Binafsi nisingemnyima alama zote, lakini kosa ningelionesha, kwa sababu tabia hiyo humtesa akifika kwenye aljebra. Kila hatua ikae kwenye mstari wake.

Maswali ya saa yanamchanganya kuliko yote.

Ni kweli, kwa sababu saa haifuati makumi. Dakika 60 ndizo zinazofanya saa, siyo 100, na ikipita saa 12 tunaanza upya na 1.

"Basi liliondoka Morogoro saa 2:40 asubuhi. Lilitembea saa 2 na dakika 5, likasimama dakika 25 abiria wale, kisha likatembea saa 1 na dakika 35 likafika Dodoma. Lilifika saa ngapi?"

Jumlisha saa peke yake: 2 + 1 = 3. Jumlisha dakika peke yake: 5 + 25 + 35 = 65, yaani saa 1 na dakika 5. Muda wote ni saa 4 na dakika 5. Saa 2:40 ukiongeza saa 4 ni saa 6:40, ukiongeza dakika 5 ni saa 6:45 mchana.

Kwenye kutoa hatari ni kubwa zaidi. Kutoka saa 6:45 hadi saa 8:10 mtoto huandika 810 − 645 = 165 na kusema "saa 1 na dakika 65". Afadhali apande kwa vipande: 6:45 hadi 7:00 ni dakika 15, 7:00 hadi 8:00 ni saa 1, 8:00 hadi 8:10 ni dakika 10. Saa 1 na dakika 25, bila kukopa chochote.

Vipimo vingine vina mtego mdogo zaidi: fumbo likichanganya lita na mililita, au kilo na gramu, abadili vyote viwe vya aina moja kabla ya hatua ya kwanza, siyo katikati.

Nyumbani tunazungumza lugha nyingine, shuleni wanasoma kwa Kiswahili (au kwa Kiingereza). Nimsaidie kwa lugha gani?

Kwa ile anayoiota. Msomee fumbo kama lilivyo, kisha mwambie akusimulie kisa chake kwa lugha ya nyumbani, bila kutaja namba. Kisukuma, Kihaya, Kimaasai, yoyote. Akisimulia sawasawa, ameelewa, na hesabu itafuata kwa lugha ya shule. Akishindwa kusimulia, usimpeleke kwenye hesabu kabisa, tatizo liko kwenye kusoma. Wazazi wengi huongeza mazoezi ya kuzidisha kwa mtoto ambaye shida yake ni sentensi.

Anaruhusiwa kutumia kikokotoo cha simu?

Akishaandika hatua zote na majina yake, kwa kuhakiki tu. Kabla ya hapo, hapana.

Atajuaje kama jibu lake ni sahihi bila kumwuliza mtu?

Kwanza akadirie. Mayai 112 kwa sh 400 ni kama mayai 100 kwa 400, yaani zaidi kidogo ya 40,000. Akipata 4,480, sifuri imepotea mahali.

Pili, alirudishe jibu ndani ya kisa. Neema 4,200 na Baraka 1,400: jumla ni 5,600? Ndiyo. 4,200 ni mara tatu ya 1,400? Ndiyo. Masharti yote mawili yajaribiwe, kwa sababu jibu baya linaweza kutimiza moja.

Tatu, aandike jibu kwa sentensi kamili: "Shule itahitaji sh 900,000." Anayeandika "Coaster 4 na baki 24" kwa sentensi mara nyingi hujishtukia.

Afanye maswali mangapi kwa siku?

Mawili yanatosha. Ishirini kwa siku humfundisha kukimbia. Ni bora fumbo moja alifanye, kisha abadilishe swali la mwisho mwenyewe: mayai yaleyale ya Mama Rehema, lakini sasa tuulize auze yai sh ngapi ili apate faida ya sh 14,400. (36,000 + 14,400 = 50,400; 50,400 ÷ 112 = sh 450.)

Nipe machache ya kuanzia wiki hii.

1. Dereva wa bodaboda humpelekea mwenye pikipiki hesabu ya sh 10,000 kila siku, na mafuta ni sh 8,000 kwa siku. Kwa siku hubeba abiria 21, kila mmoja akilipa sh 1,500. Kwa siku 6 anabakiwa na shilingi ngapi?

2. Fundi cherehani ana kitambaa cha mita 18. Anashona sketi 5, kila moja ikitumia mita 1 na sentimita 50. Kilichobaki anashonea mashati, kila shati likitumia mita 1 na sentimita 75. Atapata mashati mangapi?

3. Asha alitumia nusu ya fedha zake kununua unga, kisha sh 1,500 kununua sukari. Alibaki na sh 2,000. Alikuwa na shilingi ngapi mwanzoni?

4. Dukani kuna kreti 7 za soda, kila kreti ina chupa 24. Mwenye duka ameuza soda tangu saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Zimebaki chupa ngapi?

Majibu. La kwanza: mapato ya siku ni 31,500, ukitoa 18,000 anabaki na 13,500, kwa siku 6 ni sh 81,000. La pili: sketi zimetumia mita 7 na sentimita 50, imebaki mita 10 na sentimita 50, yaani sentimita 1,050, ukigawanya kwa 175 ni mashati 6. La tatu: rudi nyuma, 2,000 + 1,500 = 3,500, hiyo ni nusu, hivyo alikuwa na sh 7,000. La nne halijibiki, kwa kuwa hatujaambiwa ziliuzwa chupa ngapi. Mtoto akikuandikia 168, mwombe akuambie hiyo 168 ni ya nini.